James Agee: aliandika filme ya mto wetu, lakini mto hakuuona

Maji yanayopita pale Kasongo-Rive hayakai. Yanashuka mpaka Kindu, halafu yanaendelea tena karibu kilometa 300 mpaka Ubundu, mji ambao wazee wengine bado wanauita Ponthierville. Upande ule kuna mto mmoja unaoingia Lualaba, unaitwa Ruiki. Mwaka 1951 wazungu walifika pale na makamera, mataa makubwa na masanduku mengi, wakapiga filme. Jina lake ni The African Queen. Mpaka leo inaonyeshwa duniani, na wenye kuhesabu filme kubwa za karne iliyopita hawaisahau.

Watu wakisikia habari hii wanauliza kwanza wachezaji. Walikuwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, majina makubwa sana ya wakati ule. Wengine wanamjua mwongozaji wake, John Huston. Sisi wa redio tuna swali lingine: nani aliandika? Sababu filme, mbele ya kuwa picha, ni karatasi. Lazima mtu akae chini, aandike nani anasema nini, mashua inapita wapi, mvua inanyesha saa gani. Maandishi hayo yanaitwa senario.

Senario ya filme ile iliandikwa kwa sehemu kubwa na Mmarekani mmoja, James Agee, mwandishi wa riwaya, wa magazeti na wa sinema. Na jambo la kushangaza ni hili: Kongo hakufika. Wenzake walipopanda ndege kuja huku, yeye hakuwa nao, juu ya moyo wake ulikuwa umeshaanza kumsaliti. Tusimulie maisha yake toka mwanzo. Si marefu, ni miaka 45 tu.

Mtoto wa Knoxville

James Rufus Agee alizaliwa tarehe 27 Novemba 1909 katika mji wa Knoxville, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Nyumbani walimwita Rufus. Baba yake, Hugh James Agee, ambaye watu walimwita Jay, alitoka katika ukoo wa watu wa milimani, watu wa shamba. Mama yake, Laura Tyler, alitoka katika familia ya mjini, watu waliosoma, na alikuwa mama wa sala sana. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja mlikuwa na dunia mbili, na mtoto alizipenda zote mbili. Alikuwa na dada yake mdogo, Emma.

Mwezi wa tano mwaka 1916, Jay alipata habari kwamba baba yake mzazi kule kijijini ni mgonjwa. Akawasha motokari, akaenda kumwona. Alipokuwa anarudi, tarehe 18, motokari iliacha njia na yeye akafa palepale. Rufus alikuwa na miaka sita na nusu.

Sisi wa Kasongo na Kabambare hatuhitaji kuelezwa sana maana ya mtoto wa miaka sita kupoteza baba. Vita zimepita hapa, moja nyuma ya nyingine. Kuna watoto ambao baba aliwaaga asubuhi akienda shambani ama sokoni, na jioni kilichorudi ni maneno tu. Mtoto wa umri ule haulizi mambo makubwa. Anauliza baba atarudi lini. Anaona watu wamejaa nyumbani, anaona kitambaa kwenye macho ya mama, anaambiwa aende akacheze nje. Hakuna anayemwelezea sawasawa, na yeye anakamata kila kitu: harufu, sauti, viatu vya wageni mlangoni.

Agee alikamata vyote. Karibu maisha yake yote alikuwa anatafuta namna ya kuandika siku zile chache za mwezi wa tano. Aliandika mambo mengine mengi katikati, na ndiyo tutayaeleza, lakini msomaji asisahau huyu mtoto. Atarudi mwishoni.

Shule ya watawa

Mwaka 1919 mama alimpeleka kwenye shule moja ya bweni inayoitwa Saint Andrew's, hukohuko Tennessee. Shule iliendeshwa na watawa wa Kanisa la Kiepiskopali, yaani Waanglikana wa Marekani. Kulikuwa na kengele ya sala, kulikuwa na kazi za mikono, na kulikuwa na upweke. Pale alimpata mwalimu mmoja, Padri James Harold Flye. Kwa mtoto aliyepoteza baba, padri huyu akawa mahali pa kuegemea. Mwaka 1925 walisafiri pamoja mpaka Ufaransa na Uingereza. Toka hapo waliandikiana barua kwa miaka 30, na barua za Agee zilikuja kutolewa kitabu mwaka 1962, yeye mwenyewe akiwa ameshakufa. Anayezisoma anaona mtu anayejikosoa bila huruma: anataka kuandika vizuri kuliko nguvu zake, analaumu uvivu wake, anaomba radhi.

Kutoka pale alikwenda kwenye shule kubwa ya Phillips Exeter, kaskazini ya nchi, halafu mwaka 1928 akaingia chuo kikuu cha Harvard. Aliandika mashairi na hadithi, akawa mhariri wa gazeti la wanafunzi la fasihi. Alimaliza mwaka 1932.

Mwaka ule haukuwa mwaka mzuri wa kutafuta kazi. Toka 1929 uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka. Viwanda vilifungwa, mabenki yalifungwa, watu wenye diploma walipanga mstari kutafuta supu. Agee alikuwa na bahati: alichukuliwa na gazeti la Fortune, New York. Chekesho lenyewe ni kwamba Fortune lilikuwa gazeti la matajiri, la wenye viwanda na mabenki. Kijana wa mashairi akatumwa kuandika juu ya biashara. Alifanya kazi usiku, muziki wa gramofoni ukipiga kwa nguvu ndani ya ofisi tupu. Mwaka 1934 kitabu chake cha kwanza kikatoka, kitabu cha mashairi, Permit Me Voyage.

Pamba ya Alabama

Kiangazi cha 1936, wakubwa wa Fortune walimtuma kusini, jimbo la Alabama, aandike juu ya wakulima wa pamba. Alikwenda na mpiga picha mmoja, Walker Evans. Walikwenda kuangalia maisha ya wakulima wazungu maskini wasio na ardhi yao. Mwenye shamba anakupa udongo, nyumbu, mbegu na vyombo. Wewe unalima na mke wako na watoto wako mwaka mzima. Wakati wa mavuno, mwenye shamba anakata sehemu yake, anakata tena deni la chakula na deni la mbolea, na kinachobaki mkononi mwako wakati mwingine ni sifuri, wakati mwingine ni deni jipya.

Wazee wetu wa hapa wanaijua pamba. Wakati wa Wabelgiji, pamba ilikuwa lazima. Kila mwanaume alipimiwa shamba lake, na asiyelima aliijua fimbo na aliijua gereza. Bei ilipangwa na wengine. Mambo ya Alabama na mambo ya Maniema hayakuwa sawa, lakini mzee aliyebeba kikapu cha pamba mpaka mahali pa kupimia kilo angeelewa kitabu cha Agee haraka kuliko tajiri wa New York.

Agee na Evans walikaa kule wiki nane. Walichagua familia tatu. Agee aliomba kulala katika nyumba ya familia moja, nyumba ya mbao yenye matundu, kunguni usiku kucha, maji ya kisima. Aliandika kila kitu: mbao ngapi ukutani, nguo gani kwenye kabati, viatu vimepasuka wapi, taa ya mafuta inanuka namna gani. Na aliona haya. Alijiuliza nani amempa haki ya kuingia kwenye nyumba ya maskini, kufungua makabati yao, halafu kwenda kuuza habari zao kwa matajiri. Swali hilo kila mwandishi wa habari anapaswa kulibeba akiingia kijijini na kinasa sauti. Mimi mwenyewe nimekaa mara nyingi kwenye kigoda cha watu waliokimbia makwao, nikiuliza maswali, nikijua jioni nitarudi nyumbani kwangu na wao watabaki palepale.

Gazeti halikuchapa makala ile. Agee hakuacha. Aliifanya kitabu, akakiandika miaka, kikawa kinene zaidi ya kurasa 400. Mchapishaji wa kwanza alitaka abadilishe maneno, yeye akakataa. Mwishoni kilitoka mwaka 1941 kwa jina Let Us Now Praise Famous Men, picha za Evans zikiwa mbele kabisa, bila maelezo chini yake. Jina lake, lililotoka katika Biblia, lina uchungu ndani yake, maana linataja watu mashuhuri, na watu wenyewe ni wakulima ambao hakuna anayewajua.

Wakati kilitoka, Ulaya ilikuwa vitani na Marekani ilikuwa inakaribia kuingia. Nani angesoma habari za pamba? Mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala kama 600 tu. Kitabu kikafa. Mwaka 1960 kilichapishwa tena, vijana wa Marekani wakakisoma, na leo kinahesabiwa kati ya vitabu vikubwa vya nchi ile. Mwandishi wake alikuwa ameshazikwa miaka mitano mbele.

Mtu wa sinema

Kwa kupata mkate, Agee alifanya kazi katika gazeti la Time, na toka 1942 katika gazeti lingine pia, The Nation. Kazi yake ilikuwa kwenda kuangalia filme na kuandika kama ni nzuri ama mbaya, na juu ya nini. Wakati ule wasomi wengi walidharau sinema. Waliiona ni mchezo wa kupoteza saa. Agee aliiona ni sanaa kama mashairi na muziki, na aliiandikia kwa heshima hiyo. Watu walianza kununua gazeti kwa ajili ya ukurasa wake.

Alimpenda sana Charlie Chaplin, yule wa kofia na fimbo. Mapenzi hayo yalitoka mbali: katika riwaya yake kubwa, baba na mtoto wanakwenda pamoja kuangalia Chaplin, jioni moja mbele ya ajali. Mwaka 1947 Chaplin alipotoa filme Monsieur Verdoux, magazeti mengi yalimshambulia, hata juu ya siasa yake. Agee aliandika makala tatu kumtetea. Mwaka 1949 aliandika katika gazeti la Life makala ndefu juu ya wachekeshaji wa sinema ya zamani isiyo na sauti, na makala ile iliwarudisha kwenye akili za watu wazee ambao walikuwa wamesahauliwa, kama Buster Keaton.

Kwa siri ya roho yake, Agee hakutaka kuhukumu filme za wengine tu. Alitaka kuandika zake. Alianza na ndogo: maelezo ya The Quiet One ya mwaka 1948, filme juu ya mtoto mweusi wa Harlem ambaye nyumbani hakuna anayemtaka, mpaka apelekwe kwenye shule ya watoto wenye shida. Mtoto mpweke tena. Mwaka uleule aliacha kazi ya magazeti yote mawili ili aandike vitu vyake.

Vita ya ziwa na filme ya mto

Mwezi wa tisa 1950 aliandika katika Life habari ndefu juu ya John Huston. Huston akamwita California waandike pamoja senario. Ilitoka katika riwaya ya Mwingereza C. S. Forester, iliyotolewa mwaka 1935. Kisa chake ni kifupi: vita ya kwanza ya dunia imeanza, Wajerumani wanatawala Tanganyika. Dada mmoja wa misioni anabaki peke yake na fundi mmoja mlevi mwenye mashua chakavu. Wanashuka mto hatari mpaka ziwani ili wazamishe meli ya vita ya Wajerumani.

Riwaya ni ya kubuni, lakini ina mzizi karibu na sisi. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwaondoa Wajerumani kwenye ziwa Tanganyika. Walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Afrika Kusini, halafu kwa reli mpaka Katanga. Zilivutwa porini na milimani na watu, na ng'ombe, na mashine za mvuke. Zikapanda tena gari la moshi mpaka Bukama, zikaingia Lualaba, zikashuka mpaka Kabalo, na kutoka pale reli ikazipeleka ziwani, upande wa Kalemie. Kwa hiyo zilipita kwenye mto uleule unaopita kwetu, juu kidogo. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916. Baadaye Waingereza waliitoa majini, na toka 1927 ilifanya kazi kwa jina la Liemba. Wafanyabiashara wetu waliofika Kigoma wanaijua.

Agee na Huston walifanya kazi kwenye shamba moja karibu na Santa Barbara. Asubuhi walicheza tenisi, mchana waliongea, usiku Agee aliandika. Huston alikuwa mtu wa nguvu, na Agee alitaka kufuata mwendo wake. Alivuta sigara moja nyuma ya nyingine, alikunywa wiski, alilala kidogo sana. Toka ujana alikuwa hivyo, akijichoma kama mshumaa. Mwezi wa kwanza 1951 moyo ulimwangusha. Alikuwa na miaka 41. Akapelekwa hospitali, na waganga wakamwambia abadilishe maisha.

Senario ilikuwa karibu kuisha, mwisho wake tu ulibaki. Huston aliumaliza pamoja na mwandishi mwingine, Peter Viertel. Halafu kundi zima likapanda ndege. Walifika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, wakachukua gari la moshi la Ponthierville, wakaingia msituni mpaka kambi ya Biondo, kwenye Ruiki.

Kambi ile ilijengwa kwa miti ya pale na majani ya pale. Siafu waliingia usiku, watu wakakimbia. Mashua ya filme ilizama, ikabidi ivutwe kutoka majini. Baadaye walihamia Uganda, upande wa ziwa Albert, na huko wengi waliugua tumbo, Hepburn akiwa mmoja wao. Mwaka 1987 Hepburn alitoa kitabu kizima juu ya safari ile. Mashua yenyewe iko leo Florida, Marekani, inabeba watalii.

Waliovuta mashua ile kutoka majini, waliokata miti ya kambi, waliobeba kamera kichwani, walikuwa watu wa upande wetu. Majina yao hayakuandikwa kwenye filme. Bogart alipata zawadi ya Oscar, ya pekee katika maisha yake. Agee na Huston waliteuliwa kwa senario, lakini hawakushinda. Agee angalau jina lake linapita mbele ya macho ya watu kila filme inapoanza. Wale wa Biondo, hata herufi moja hawana.

Miaka minne ya mwisho

Agee alitoka hospitali na hakufuata sana maneno ya waganga. Alirudia sigara, alirudia pombe. Tuseme ukweli wote: hakuwa mume mwepesi. Alioa mara tatu, na ndoa mbili za kwanza zilivunjika, nyingine kwa makosa yake mwenyewe. Aliacha watoto wanne. Marafiki zake walisema aliongea vizuri kuliko alivyoandika, na usiku mwingi ambao ungekuwa kitabu uliishia kwenye mazungumzo.

Hata hivyo kazi haikusimama. Mwaka 1951 ilitoka riwaya yake fupi, The Morning Watch, juu ya mvulana kwenye shule ya watawa usiku wa Ijumaa Kuu. Aliandika filme fupi kutoka hadithi ya Stephen Crane, na yeye mwenyewe akacheza ndani yake kama mlevi wa mji. Kwa televisheni, toka 1952, aliandika mfululizo juu ya utoto na ujana wa Abraham Lincoln.

Halafu ikaja The Night of the Hunter, iliyoongozwa na Charles Laughton. Mhubiri wa uongo anaoa mjane juu ya pesa zilizofichwa, anamuua, halafu anawafuata watoto wake wawili. Watoto wanatoroka usiku kwa mtumbwi, wanashuka mto, wanyama kandoni wakiwatazama. Laughton alipunguza sana maandishi ya Agee, yaliyokuwa marefu kupita kiasi, lakini jina lililobaki kwenye senario ni la Agee. Tuangalie vizuri: filme mbili zake kubwa, zote mbili watu wako ndani ya mashua, mto unawabeba, na kifo kiko nyuma yao.

Filme ile ilitoka 1955 na haikupata watu. Leo wataalamu wanaiweka juu sana. Agee hakuona kushindwa kwake wala heshima yake.

Tarehe 16 Mei 1955, New York, alipanda taksi kwenda kumwona muganga wake. Moyo ulisimama ndani ya taksi. Alikuwa na miaka 45. Ilikuwa imebaki siku mbili tu kufikia ile tarehe 18 Mei ambayo baba yake alikufa, miaka 39 mbele. Baba alifia ndani ya motokari, na mtoto pia alifia ndani ya motokari. Mtoto wake wa mwisho alikuwa hajafikisha hata mwaka mmoja. Benki hakukuwa na pesa za kusema.

Kitabu cha baba

Nyumbani zilibaki karatasi. Kwa miaka mingi Agee alikuwa anaandika riwaya juu ya siku zile za 1916. Aliiandika, akaiacha, akairudia. Mwandiko wake ulikuwa mdogo sana, wa penseli, na mpangilio wa sura haukuwa umekamatwa vizuri. Rafiki yake David McDowell, ambaye naye alisoma Saint Andrew's, alizichukua karatasi, akazipanga, akaweka mbele yake maandishi ya zamani ya Agee juu ya jioni za Knoxville. Mtunzi wa muziki Samuel Barber alikuwa ameshayafanya wimbo mwaka 1947. Sababu moja ya McDowell kuharakisha ilikuwa mjane na watoto, wapate kitu cha kuishi.

Riwaya ilitoka 1957 kwa jina A Death in the Family. Mwaka 1958 ilipata zawadi ya Pulitzer, ambayo kwa waandishi wa Marekani ni kati ya zile kubwa kabisa. Tad Mosel aliifanya mchezo wa jukwaani, nao ukapata Pulitzer mwaka 1961, halafu ikawa filme. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja alitoa toleo lingine, akizipanga sura kwa namna nyingine, sababu hakuna anayeweza kuapa Agee mwenyewe angezipanga vipi.

Ndani yake hakuna vita, hakuna mashujaa. Kuna baba anayeamka usiku kwa simu, mama anayempikia mayai kabla hajaondoka, kipini kidogo cha usukani kinachochomoka njiani. Kuna mtoto anayeitwa Rufus, anayekwenda kusimama barabarani akiwaambia wenzake kwamba baba yake amekufa, karibu kwa majivuno, sababu leo yeye ndiye mtu wa kuangaliwa. Aliyepitia anajua kwamba jambo hilo ni kweli. Watoto wanafanya hivyo, halafu wanakuwa watu wakubwa na wanaona haya kulikumbuka. Agee hakuficha.

Kwa nini tumeleta habari hii kwenye ukurasa wetu? Kwanza juu ya mto. Ni vizuri vijana wetu wajue kwamba filme inayosifiwa Hollywood ilipigwa kwenye maji yetu, na kwamba sehemu ya kisa chake ilipita Bukama na Kabalo. Pili juu ya afya: moyo unaoonya mara moja si lazima uonye mara ya pili. Mzee akiambiwa na muganga aache sigara, asingoje.

Na tatu juu ya kuandika. Agee alikuwa na shule zote, kalamu zote, marafiki wenye mashine za kuchapa, na hata hivyo miaka 39 haikutosha kumaliza kitabu cha baba yake. Sisi tulio na daftari la shule na betri ya simu isiyojaa, tunasema tutaandika kesho. Upande wa Ubundu, waliokuwa vijana mwaka 1951 wakibeba mizigo ya wazungu, kama yuko aliyebaki, ni mzee sana leo. Hapa kwetu waliolima pamba ya lazima wanaondoka mmoja mmoja. Na wale watoto waliobaki bila baba kwa sababu ya vita, wengine sasa ni watu wazima wenye watoto wao.

Ukiwa na mtu wa namna hiyo nyumbani, kaa naye jioni moja. Muulize jina la baba yake, alikuwa anapenda nini, siku ile alitoka na nguo gani. Andika, weka na tarehe. Redio yetu iko wazi kwa atakayependa kusimulia.